Wembe Ulioacha Alama

Watu walimwita Bi Wembe, na wageni walidhani ni kwa sababu ya ulimi wake. Ulimi nao ulikuwa mkali, hilo tusifichane, lakini jina lilitoka mezani kwake. Alikuwa mchoraji wa vitabu, na kazi yake aliifanya kwa kalamu ya nibu, wino mweusi na kipande cha wembe alichokizungushia plasta upande mmoja ili kisimkate kidole. Nibu iliweka, wembe ulitoa. Akikosea jicho la mtu hakuchana karatasi na kuanza upya. Aliinama, akaukwangua wino taratibu juu ya ile karatasi nene mpaka pakawa peupe, akapalainisha kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akachora jicho jingine pale pale. Ungeishika karatasi ile mbele ya pua yako usijue kwamba hapo palipata kuwa na kosa. Kwenye kiwanda cha uchapaji walikuwa wakimtania kwamba angeweza kumkwangua mtu mzima akiwa amesimama barabarani, na mkewe asijue kaelekea wapi. Utani huo ulichekesha zamani.

Vitabu alivyochora vilikuwa vya kutisha. Mwanamke mpole wa kumtazama, miwani imefungwa uzi kwenye sikio moja, halafu mkononi mwake hutoka visima vinavyoita watu kwa majina, na vivuli vinavyoamka wenye navyo wakiwa bado wamelala. Majirani walimshangaa.

"Bi Wembe, madude haya unayatoa wapi? Wewe unalala kweli?"

"Nalala mpaka nakoroma. Siyatoi kichwani, nayatoa dirishani."

Dirisha lake lilitazama barabara, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta mrefu wa ofisi moja ambayo watu waliipita wakiwa wamekatiza mazungumzo. Wakishaumaliza ukuta, waliendelea na maneno pale pale walipoyaachia. Hakuna aliyewafundisha.

Hadithi zenyewe ziliandikwa na mzee mmoja wa sauti ndogo, ambaye kiwandani walimwita Mtunzi tu. Mtunzi alikuwa ameshajifunza nchi anayoishi. Ukiandika kwamba mkate umeadimika, unaitwa ujieleze. Ukiandika kwamba zimwi limekula mtaa mzima na viatu vyao, unaambiwa una kipaji. Kwa hiyo mzee akaandika mazimwi, Bi Wembe akayachora, na watu wakanunua na kusoma wakitingisha vichwa, kila mmoja akijua zimwi lake.

Lakini kitabu hakikutoka kiwandani bila kupita kwa Mkaguzi. Huyu alikuwa bwana mmoja nadhifu, mwenye kikohozi kisichokwisha na pipi za kikohozi mfukoni, na kwa kweli hakuwa na kelele. Alipoletewa michoro, alitandika juu ya kila mmoja karatasi nyembamba ya kufuatishia, ile inayoonyesha kilicho chini kwa ukungu, akazungushia duara kwa penseli nyekundu kila asichokitaka. Bi Wembe aliondoka na michoro na maduara yake. Aliporudi, Mkaguzi alitandika karatasi ile ile juu ya mchoro ule ule na kutazama ndani ya duara. Kilichokatazwa kipo? Hakipo. Mhuri, pa! Hivyo ndivyo ofisi ilivyofanya kazi tangu enzi na enzi, na hakuna aliyeona sababu ya kuifanya vingine.

Sasa, Bi Wembe alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, na jina la nyumbani likawa hilo hilo, Kitinda. Alikuwa fundi redio. Kofia yake ilikaa kisogoni mvua inyeshe jua liwake, na mdomo haukufungwa, lakini ubaya hakuwa nao. Kosa lake ni kwamba redio akiitengeneza ilipona, na redio ikipona husema, na yeye hakuichagulia la kusema. Walikuja mchana kweupe watu wawili wenye adabu zao, wakasema anaitwa kwa mazungumzo kidogo. Kitinda akaacha redio ya mtu wazi mezani, matumbo nje. "Narudi sasa hivi," alisema. "Msiniguse waya huu." Waya haujaguswa mpaka leo.

Baadaye wale wenye adabu walirudi, safari hii wakitaka picha. Walichukua za shuleni, za harusi ya binamu, na ile kubwa ya ukutani yenye fremu. Mama alipokwenda ofisini kwao kuulizia, akasukumwa kutoka dirisha hili hadi lile, na mwisho akajibiwa kwamba mtu wa jina hilo hayumo, na kwa kumbukumbu zilizopo hakuwahi kuwamo. Mama aliyemzaa, akamnyonyesha, akamkimbiza na mwiko, anaambiwa hakuwahi kuwamo! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alirudi nyumbani, akakaa kitini akiutazama ukuta. Moshi wa jiko wa miaka mingi ulikuwa umeufanya ukuta kuwa rangi ya chai, na pale ilipokuwa fremu pakabaki pande safi, jeupe, na msumari juu yake.

Bi Wembe naye hakulia mbele ya watu. Alifanya alilolijua. Katika kitabu kilichofuata palikuwa na soko lililogeuka mdomo, na katikati ya watu wanaokimbia akamweka kijana mmoja, kofia kisogoni, aliyegeuka nyuma kama anayeitwa. Hakumwambia mtu. Alimpelekea mama nakala, akamkabidhi na miwani. Mama alipekua kurasa, akafika sokoni, kidole kikasimama.

"Wewe! Huyu si..."

"Ndiye."

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Kila kitabu kipya, mama alivaa miwani na kuuliza, "Haya, safari hii kajificha wapi?" Kitinda alikuwa kwenye gharika, ameshika paa la nyumba. Alikuwa kwenye maziko ya mfalme asiye na kichwa, safu ya nyuma, kama kawaida yake ya kuchelewa. Mama alicheka na kumkaripia pale pale kwenye karatasi. Picha nyingine ya mwanawe hakuwa nayo.

Kisha Mtunzi akaleta hadithi ya Jumba. Jumba hilo lilikuwa la matofali, halina meno wala makucha, mlango wake tu ulikuwa na unyevu, na liliita watu kwa upole waje kunywa chai. Watu walipanga mstari wenyewe. Waliobaki nje waliokota viatu vya walioingia, wakavipangusa, wakavivaa. Bi Wembe alisoma akasisimkwa, akachora mstari mrefu wa watu mbele ya ukuta mweusi wa matofali, wote wametupa mgongo. Mmoja tu amegeuka. Kofia kisogoni.

Mkaguzi hakutumia penseli mara moja. Alifungua droo, akatoa vitabu vilivyotangulia, akavipanga mezani, kila kimoja kimefunguliwa mahali pake: soko, gharika, maziko. Akamumunya pipi yake.

"Huyu bwana ana bidii sana," alisema. "Kila balaa yumo."

Mchapishaji, bosi wa kiwanda aliyekuwa amemsindikiza Bi Wembe, bwana wa vidonda vya tumbo ambaye maisha yake yote aliyapitisha kwa maziwa na roho juu, aliangalia viatu vyake.

"Mimi sina ugomvi na wewe, Bi Wembe. Nina ugomvi na hiyo kofia." Mkaguzi akatandika karatasi yake, akazungusha duara jekundu. "Atoke. Na wewe kwa kutoa sifa unazo, mji mzima unajua. Akitoka, kitabu kinatoka, na kibali chako cha kuchora nakisaini upya. Akibaki, hakitoki kitabu, na wewe utatafuta kazi nyingine."

Njiani Mchapishaji alimbembeleza karibu apige magoti barabarani. "Dada yangu, nakuomba. Kiwanda kizima kinakitegemea kitabu hiki. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Bosi, nimefunika kombe tangu nina meno yote. Huyo mwanaharamu hapiti. Amekaa kitini anakula pipi."

Maneno ni rahisi. Asubuhi yake alikaa mezani, mchoro mbele, wembe mkononi, na hakuwa na jingine la kufanya ila kujikaza kisabuni. Kitabu kilikuwa cha Mtunzi pia, na kiwanda kilikuwa na watu wenye watoto. Alianza na kofia. Akaikwangua taratibu, akapalainisha kwa ukucha, akachora matofali juu yake, mistari ikaungana na ya pembeni kama imezaliwa pamoja. Akarudisha kichwa nyuma atazame.

Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizopata kufanya. Hapo palikuwa na ukuta tu, na hapakuwahi kuwa na kitu kingine. Bi Wembe aliitambua kazi hiyo. Ndivyo walivyomtoa wale wenye adabu: walimtoa, kisha wakachora matofali. Hakuwahi kuwamo. Na sasa walikuwa wamemkuta fundi bora kuliko wao, dada mtu, awamalizie.

Mama aliingia na kikombe cha chai, akakiweka mbali na wino kama alivyozoea, akainama. Aliuona uso wa mwanawe hauna kofia, na juu ya paji la uso matofali.

"Unafanya nini?"

"Wamesema atoke, mama."

Mama akasema, bila ukali wowote, "Wao walimtoa wakiwa hawamjui. Wewe unamjua." Akatoka.

Bi Wembe alibaki na wembe wake, na pengine angelia hapo, kama kwenye chumba cha pili kusingezuka zogo. Mwenye nyumba alikuwa ametuma fundi, mpaka rangi, apake kuta, na mpaka rangi, maskini, alikuwa ameshafika kwenye ukuta wa rangi ya chai na brashi inadondoka. Mama alikuwa amesimama mbele ya lile pande jeupe, ufagio mkononi.

"Paka kote. Hapa hupaki."

"Lakini mama, nikiacha hapo kutaonekana."

"Ndiyo nataka kuonekane! Hapa palikuwa na picha ya mwanangu. Wameichukua. Anayeingia humu ndani aone kwamba kuna kitu kimechukuliwa. Ukipaka, watakuwa hawakuchukua kitu."

"Mwenye nyumba atanigombeza."

"Mwambie aje anigombeze mimi. Na asogee karibu."

Mpaka rangi aliutazama ufagio, akautazama mkono ulioushika, akaona afadhali kugombezwa na mwenye nyumba. Alipaka kote akazunguka lile pande kwa uangalifu, na msumari wake.

Bi Wembe alirudi mezani mbio. Aliyakwangua yale matofali aliyoyachora, yote, mpaka kweupe. Kisha akamfuata mdogo wake kuanzia kofia, uso, bega, mkono uliokuwa unaning'inia, suruali, mpaka visigino. Hakulainisha kwa ukucha. Hakujaza hata tofali moja. Alikwangua kwa nguvu mpaka karatasi ikaota manyoya, na alipomaliza, katikati ya ukuta mweusi na migongo myeusi palikuwa na umbo jeupe tupu la mtu, kofia kisogoni, amegeuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Wembe aliacha alama, na aliiacha kwa kusudi.

Kwa Mkaguzi alikwenda peke yake. Mkaguzi alikohoa, akatandika karatasi yake ya kufuatishia, akatafuta duara jekundu, akachungulia ndani. Kijana yupo? Hayupo. Uso? Hakuna. Kofia nyeusi? Hakuna. Chini ya ukungu wa karatasi ile, weupe ni weupe tu.

"Ametoka," alisema.

"Ametoka."

Mhuri, pa!

Kiwandani, fundi wa mtambo alimwita pembeni. "Dada, hapa kuna tundu. Nilijaze wino?"

"Ukiligusa nitakukwangua wewe."

Fundi alicheka. Kisha akatazama tena, akaacha kucheka, akaenda kuwasha mtambo.

Mwanzoni hapakuwa na jambo. Waliosoma walisema uchapaji siku hizi umeharibika. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Mwuza vitabu wa kona, mama mmoja mnene asiyekopesha wala kusahau sura, alikuja nyumbani kwa Bi Wembe na nakala chini ya mkono. Mteja alikuwa ameirudisha abadilishiwe jalada, na mwuza vitabu alipoifungua akakuta ndani ya yule mtu mweupe pamechorwa kwa kalamu ya risasi: mwanamke, hereni masikioni, mwanya kwenye meno. Mchoro mbaya wa asiyejua kuchora, lakini mwanya ulikuwa umewekwa kwa uangalifu sana.

"Nikamwuliza huyu nani," mwuza vitabu alisema. "Akaniambia ni dada yake. Basi nikampa jalada jipya, nikafunga duka, nikaenda kulia chooni."

Baada ya hiyo zikaja nyingine. Mzee mwenye kibarakashia, kijana mwenye miwani iliyovunjika upande mmoja, baba aliyebeba mtoto, ingawa nafasi ilikuwa ya mmoja na mtoto ikabidi akae nje ya mstari, juu ya matofali. Watu waliazimana vitabu ili kuonyeshana. Hakuna aliyesema neno kubwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulifika kwa Mkaguzi.

Bi Wembe aliitwa. Mezani palikuwa na rundo la nakala zilizonyang'anywa, zote zimefunguliwa ukurasa mmoja, na nyuso zile zikamtazama Bi Wembe, kila moja chini ya kofia ya Kitinda. Hakuwa amewahi kuona maonyesho mazuri kama hayo. Mkaguzi hakuwa na pipi siku hiyo.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akigonga weupe kwa penseli.

"Ni yule uliyeniambia nimtoe."

"Bi Wembe, usicheze na mimi. Anaonekana!"

"Kumtoa nilimtoa. Uliangalia mwenyewe, ukagonga mhuri. Kuonekana kwamba ametolewa, hilo hukulizungushia duara."

Mkaguzi alikohoa muda mrefu. Alipotulia, sauti ilikuwa ya chini, karibu ya huruma. Alisukuma mezani mchoro wenyewe, nibu, na chupa ya wino. Kando yake akaweka kibali cha Bi Wembe, kipya, bado hakijasainiwa.

"Jaza matofali. Hapa hapa, mbele yangu. Kitabu kitachapwa upya, mimi nitasema lilikuwa kosa la mtambo, na wewe utarudi kwenye meza yako. Ni matofali tu, dada yangu. Kazi ndogo."

Bi Wembe aliitazama nibu. Aliupenda ule uchoraji, tusidanganyane. Hakujua kazi nyingine, macho yalikuwa yameanza kuchoka, na mama alikuwa anamtegemea. Aliona maisha yote yale pale mezani, yanangoja mistari michache ambayo mkono wake ungeichora hata akiwa na usingizi. Na aliogopa. Alifikiria ule mlango wa Jumba wenye unyevu.

Akafunga kizibo cha chupa ya wino, akakikaza vizuri usije ukakauka.

"Wino mzuri huu, usiuache wazi," alisema. "Mimi sijazi. Mlitaka mtu atoke, mmemtoa. Kuficha kwamba mmemtoa, tafuteni fundi mwingine. Na mkimpata, mwambieni akwangue taratibu, karatasi hapo imebaki nyembamba."

Mkaguzi alikichukua kibali, akakichana mara mbili, bila hasira, kama mtu anayemaliza zamu. Bi Wembe aliaga kwa adabu. Alipokuwa akipita ule ukuta mrefu alikutana na jirani, wakaanza kuzungumza habari za bei ya sabuni, na Bi Wembe hakukatiza. Aliendelea kusema kwa sauti ukuta mzima, jirani akimfinya mkono wee mpaka wakaumaliza.

Nyumbani alimkuta mama amekaa kitini, miwani usoni, kitabu mapajani, kalamu ya risasi imeshikwa kama mwiko.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Vizuri. Njoo uone."

Mama alikuwa amechora. Kichwa kama kiazi, macho moja juu moja chini, na masikio mawili makubwa yametokeza nje ya weupe mpaka juu ya matofali. Bi Wembe, mchoraji wa mji mzima, alishika mdomo asicheke, akashindwa.

"Mama! Masikio gani hayo?"

"Ya kwake. Alikuwa na masikio kama vikombe. Wewe ulikuwa unamfichia kwa kofia, mimi nimemzaa nayo."

Wakacheka wote wawili mpaka kicheko kikawa kitu kingine, wakakiacha kiwe. Kisha mama akamwomba ule wembe wake wenye plasta. Akaukata ukurasa kitabuni taratibu, akainuka kwa kushika goti, akaenda kwenye lile pande jeupe ukutani. Akautundika ukurasa kwenye msumari, akarudi nyuma hatua moja aone kama umekaa sawa.

"Mama, wakija wataichukua."

"Waje," alisema mama. "Waichukue, nitachora nyingine. Msumari wangu uko pale pale."